Mtoto Niliyemwita Mzima

Nimestaafu mwezi wa sita, na kitu cha kwanza nilichokigundua ni kwamba ncha za vidole vyangu zimeanza kulainika. Sababu yake nitaieleza. Ninyi vijana wa maabara niliowaacha Kasulu mmeniomba niandike kidogo habari za kazi ya zamani, kabla ya hizi mashine mnazozibonyeza halafu mnakwenda kunywa chai. Vyeo sitavizungumzia, maana nilipata vichache na kila kimoja kilikuja na funguo za stoo. Mshahara nao mnaujua. Nitaandika kazi yenyewe, na hasa kosa moja ambalo hamkulisikia kwangu siku zote tulizokaa pamoja. Nilikuwa naona haya.

Nilianzia Kibondo, miaka ya tisini ilipokuwa ndiyo kwanza inaingia. Nilifika juu ya lori la maharage, nimepakwa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, nikapokelewa na Mzee Bitama, Muha wa makamo mwenye sauti ndogo na koti jeupe lililokuwa limeacha kuwa jeupe siku nyingi. Maabara ilikuwa chumba kimoja. Hadubini haikuwa na taa, ilikuwa na kioo cha kukamata mwanga wa jua, kwa hiyo tuliiweka dirishani na tukafanya kazi kwa ratiba ya mawingu. Mawingu yakitanda, wagonjwa wa malaria wanasubiri jua litoke ndipo tujue kama wana malaria. Wiki nzima ya kwanza Mzee Bitama hakuniruhusu kuigusa hadubini. Nilikuwa naosha slaidi, vile vioo vya kuwekea damu. Siku ya tano nikamwuliza kwa heshima kama chuoni nilikwenda kusomea kuosha vyombo. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba slaidi chafu inaweza kumpa mtu ugonjwa ambao hana, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemwambukiza.

Alikuwa na sheria nyingi, na nyingine zilikuwa za ajabu tu, kama ile ya kutokula ndizi mbivu karibu na rejista. Lakini moja aliisema siku nilipotoa jibu langu la kwanza. Mama mmoja alikuwa ameleta mtoto, nikaangalia, sikuona vijidudu, nikamwambia mama yule kwamba mtoto wake ni mzima. Mzee Bitama alisubiri mama atoke. Kisha akaniambia: "Mwanaidi, maabara haina neno mzima. Maabara ina maneno mawili, imeonekana na haikuonekana. Mzima ni neno la Mungu na la mama mkwe." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa habari ya vidole. Siku zile kipimo cha sikoseli kilikuwa cha mkono. Unachukua unga mweupe unaonuka kama kiberiti kilichochomwa, unauyeyusha kwenye maji asubuhi, unachanganya tone lake na tone la damu, unafunika kwa kioo kidogo na kuziba kingo hewa isipite. Damu ikikosa hewa, chembe za mwenye sikoseli hukunjamana na kuchongoka. Unatazama baada ya robo saa, baada ya saa moja, na kesho yake. Tatizo ni kwamba dawa ile ikilala hupoteza nguvu, na haikwambii kwamba imepoteza nguvu. Damu ya mgonjwa inabaki duara, nawe unafurahi bure. Kwa hiyo kila siku ya kupima ni lazima uweke pembeni damu ya mtu ambaye unajua kwa hakika kwamba damu yake hukunjika. Kibondo mtu huyo alikuwa mimi. Chuoni tulipokuwa tukijifunza kwa kutoboana vidole ndipo nilipojua kwamba nimebeba mbegu ya ugonjwa ule, ingawa mwenyewe siumwi. Mzee Bitama aliposikia alifurahi kama mtu aliyeletewa kifaa kipya. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nilijitoboa mwenyewe kwanza. Kushoto siku za kwanza za juma, kulia siku zilizobaki.

Mbegu hiyo ndiyo iliyonikosesha mume. Alikuwepo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mpole, mwenye baiskeli nzuri, na mahari ilikuwa imeshazungumzwa. Nikamwomba kabla ya ndoa aje anipe tone moja la damu, maana wawili wenye mbegu wakikutana, watoto wao huweza kuteseka. Nilimweleza vizuri, naapa nilimweleza. Lakini miaka ile ukimwambia mwanaume akapime damu, alikuwa anasikia jambo moja tu, na jambo hilo ni UKIMWI. Aliondoka na baiskeli yake na hakurudi, na baadaye nikasikia mjini kwamba mimi ndiye mwenye ugonjwa. Mwingine hakutokea. Nasema hivi bila uchungu mkubwa. Mdogo upo.

Wakimbizi wa Burundi walipoanza kuvuka kwa maelfu nilihamishiwa Kasulu. Kituo nilichofanyia kazi sitakitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu na si lake. Kasulu ndiko nilikozaliwa, baba alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, basi nilidhani narudi nyumbani. Mwaka ule ule baba akafunga duka, akasema mifupa yake inataka joto, akarudi kwao Pangani pamoja na mama. Nikabaki kwenye nyumba ya watumishi yenye vyumba viwili, kimoja hakikuwa na kazi. Wenzangu walikuwa watu wema, ila kila mtu alikuwa na kwake. Saa kumi jioni walitawanyika kwa watoto wao, nami nilikaa mlangoni nikichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Kingo za slaidi nilikuwa naziba kwa rangi ya kucha, kwa hiyo nilinunua rangi ya kucha nyingi kuliko mwanamke yeyote mjini. Mwenye duka aliwahi kuniuliza mbona kucha zangu hazina rangi hata siku moja. Nikamwambia naiweka akiba kwa ajili ya sherehe.

Kambini Mtabila alikuwepo daktari Mrundi, naye mkimbizi, Daktari Silvesta. Kila Jumatano alileta sampuli zilizowashinda huko, na kwa kuwa gari lilichelewa kurudi, alikaa maabara akisoma. Alikuwa na majarida machache ya Kifaransa aliyokimbia nayo. Watu wengine walikimbia na godoro. Siku moja alinifasiria makala iliyonifanya niache kuandika kwenye rejista. Ilihusu wataalamu wanaojaribu kumtibu mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, kwa kutumia virusi.

Nilimwambia ananitania. Akatikisa kichwa. "Sikiliza, dada. Virusi anajua kuingia ndani ya chembe kuliko mtu yeyote. Ndiyo kazi yake. Sasa hawa wanamwondolea ubaya wake, wanampa barua yenye maagizo mazima, yale ambayo mtoto ameyarithi mabovu. Anaingia, anaiacha barua, basi. Anakuwa fakteri tu." Fakteri ndivyo Warundi wa mjini wanavyomwita mtu wa posta.

Nikauliza kwa nini wasingoje azaliwe. Akasema mwili wa mtoto aliye tumboni bado haujajifunza kumfukuza mgeni, na tena ni mdogo, barua chache zinatosha. Akaongeza kwamba kwa ugonjwa kama sikoseli iko sababu nyingine: mtoto akiwa tumboni, na miezi ile ya mwanzo baada ya kuzaliwa, anatumia damu ya namna nyingine ambayo haikunjiki, kwa hiyo ugonjwa unakuwepo lakini umelala, na wangependa kuuwahi kabla haujaamka. Maneno hayo ya mwisho leo naweza kuyarudia moja moja. Siku ile yaliingia sikio hili yakatokea lile, kwa sababu akili yangu ilikuwa bado iko kwenye barua. Alimaliza kwa kunionya kwamba hayo bado ni majaribio ya kondoo, kwamba barua inaweza kuangukia nyumba isiyo yake, hata kwa mama mwenyewe, au kwenye mbegu za wajukuu ambao hakuna aliyewauliza. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikia.

Godeliva alikuwa mkulima wa Heru Juu. Wazazi wake walivuka mpaka zamani sana, yeye alizaliwa huku. Mtoto wake wa kwanza alikufa kabla ya kutimiza miaka miwili, na pale kwao walisema ni amarozi, yaani uchawi. Wa pili, Yusto, ndiye aliyemleta kwangu. Vidole vilikuwa vimevimba na macho ni manjano, nikampima, chembe zikakunjika mbele ya macho yangu. Yusto naye akafa. Baada ya msiba Godeliva alirudi peke yake na kuniomba nimweleze ugonjwa ule vizuri, kwa sababu mawifi zake walikuwa wanataka kumfukuza. Nilimpima yeye na mumewe Ezekieli, ambaye alikuja bila ubishi, na namheshimu kwa hilo mpaka leo. Wote wawili walikuwa na mbegu. Nikachukua maharage ya rangi mbili nikayapanga mezani: kila mzazi ana mawili, kila mara anatoa moja bila kuchagua. Godeliva aliyachezea maharage yale kwa muda mrefu. Akaniuliza ni nani anayechagua. Nikasema hakuna. Akasema basi afadhali ingekuwa mchawi, mchawi angeweza kuombwa.

Alizoea kupita kwangu siku za soko. Anaweka kikapu nje, anakunywa chai, ananipa habari za Heru Juu, nani kagombana na nani kwa sababu ya mbuzi. Hakuna mgeni mwingine aliyekuwa anaketi kwenye kiti changu cha pili. Sikumwambia hivyo, lakini siku za soko nilikuwa naamka nimefurahi. Halafu akaja akaniambia ana mimba ya miezi mitatu. Hakuwa na furaha wala huzuni, alikuwa amekaa tu kama mtu aliye kwenye foleni. Nikamsimulia ile habari ya Daktari Silvesta, ya barua na kondoo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama virusi hao si wale wale wa UKIMWI, nikamweleza kwamba wako wa namna nyingi na hawa wamenyang'anywa ubaya. Akauliza dawa hiyo iko wapi. Nikasema haijafika kwa watu, iko kwa kondoo.

"Kondoo wa nani hao wenye bahati?" akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Yusto afe nikamwona anatabasamu.

Kila aliporudi, tumbo likizidi kukua, aliuliza kama Mrundi wa Jumatano ameleta habari mpya. Nilipaswa kumwambia wazi kwamba habari hiyo haiwezi kumfikia mtoto huyu. Nilimwambia bado. Kuna uongo unaokaa ndani ya neno bado, na sisi watu wa hospitali tunaupenda sana.

Mtoto akazaliwa salama, wa kiume, wakambatiza Elia. Lakini nyumbani mama mkwe, Bibi Anastazia, alimpa jina la Kabwa, yaani kijibwa. Kwao, nyumba iliyozika watoto humwita anayefuata kwa jina baya, ili kifo kikipita kidhani hapo hakuna mtu wa kuchukuliwa. Na jina hilo halitamkwi na kila mtu. Wa ndani tu ndio wanaomtukana mtoto wao. Mgeni akilitamka, ni ugomvi. Godeliva alimleta kwangu akiwa na wiki tatu. Hakuomba kipimo. Alimweka mtoto mezani, akaenda kusimama dirishani akiwa amenipa mgongo.

Nilimtoboa kisigino. Nikajitoboa kidole. Nikaweka slaidi mbili, nikaziba, nikatazama. Baada ya robo saa damu yangu ilikuwa imeanza kuchongoka na ya mtoto ni duara. Baada ya saa moja vile vile. Asubuhi ya pili nilikwenda kazini kabla ya mfagiaji, na damu yangu ilikuwa imekunjika yote, ya mtoto ilikuwa bado duara, chembe kwa chembe, kona kwa kona. Nililia pale pale juu ya hadubini. Kwenye rejista mkono wangu uliandika haikuonekana, kwa sababu mkono ulikuwa umefundishwa na Mzee Bitama. Mdomo haukufundishika.

Sikungoja siku ya soko. Nilikwenda Heru Juu kwa miguu na kilo moja ya sukari. Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu si kwamba sikujua kazi. Nilikuwa na kitu cha kumpelekea mtu mmoja duniani aliyekuwa anakisubiri, na kwa muda mrefu sikuwa nimepeleka chochote kwa yeyote. Nilitembea haraka kama mtu anayekwenda kwao. Nikaingia uani nikasema ni mzima. Godeliva akakaa chini. Bibi Anastazia akanishika mikono yote miwili, akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, nimwite jina la mtu?"

"Mwiteni," nikasema.

Wakamwita Nshimirimana, yaani namshukuru Mungu. Wakapika wali, jambo ambalo si la kila siku kwa wakulima wa muhogo, na walinilazimisha kula mara mbili. Nilirudi mjini nikiimba.

Baada ya hapo Godeliva hakuja tena kliniki kwa ajili ya mtoto. Kwa nini aje? Vidonge vya foliki vya kusaidia damu na dawa ya kukinga malaria, ambavyo mtoto wa sikoseli hupewa kila mwezi, vilibaki kabatini. Alikuwa anapita kwangu siku za soko, mtoto mgongoni, tunakunywa chai. Mtoto alikuwa na meno mawili. Alikuwa anapenda kuvuta kamba ya miwani yangu.

Alipofika miezi tisa, Godeliva alikuja siku isiyo ya soko. Aliingia, akafungua kitenge, akanionyesha mikono ya mtoto. Vidole vilikuwa vimevimba vyote, vimekaza, na mtoto alikuwa analia kwa sauti iliyochoka. Sikuhitaji kupima. Nilipima kwa sababu nilihitaji dakika kumi na tano. Safari hii damu zetu zilikunjika pamoja.

Jumatano nilimweleza Daktari Silvesta yote, hata wali. Aliweka kalamu chini. Hakunikaripia. Alisema tu, "Nilikuambia, dada. Damu ya mtoto mchanga inaficha." Na kweli aliniambia, nikiwa nimekaa kwenye kiti hicho hicho, ndani ya makala ile ile niliyoipenda. Nilichukua ile sehemu ya ajabu nikaiacha ile ya kazi.

Kumwambia Godeliva ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimwambia kipimo hakikukosea, mimi ndiye niliyekosea, kwamba mtoto akiwa mchanga damu yake haionyeshi, nami nilipaswa kumwambia asubiri. Alikuwa amekaa kwangu, anamnyonyesha. Hakuacha kumnyonyesha.

"Kwa hiyo hakuwa mzima," akasema.

"Hakuwa."

"Hata siku ile tuliyokula wali?"

"Hata siku ile."

Akafunga kitenge, akaondoka. Siku mbili za soko zilipita, kiti changu cha pili kikiwa kitupu. Nilijiambia ndivyo inavyostahili. Usiku nilikuwa nikipanga maneno ya kumwomba msamaha, asubuhi nayaona hayafai.

Aliyekuja alikuwa Ezekieli. Alisimama mlangoni ameshika kofia, akanisalimia mwakeye kama kawaida, akasema mama yake ananiita. Nilidhani nakwenda kutukanwa, na nilikwenda kwa sababu nilitaka kutukanwa. Uani walikuwepo wote, hata mawifi. Bibi Anastazia hakunikaribisha kiti. Alisema kwamba mtoto alikuwa na kinga yake, kinga ya wazee, nami nilikuja na karatasi zangu nikawaambia waivue. Yeye hajui mambo ya damu. Anachojua ni kwamba aliyevua ndiye huvisha.

"Mwite," akasema.

Sikuelewa mara moja. Godeliva alikuwa amekaa kwenye jamvi na mtoto, mikono ya mtoto imefungwa vitambaa. Nikasema mimi ni mgeni, jina lile si la wageni. Bibi akasema anajua, ndiyo maana amewaita watu wasikie. Basi mimi, mtumishi wa serikali mwenye cheti, nilisimama katikati ya ua nikamwita mtoto wa mwenzangu kijibwa. Sauti ilitoka ndogo. Bibi akasema hakusikia. Nikaita tena: "Kabwa!" Mtoto akageuka, akanitambua, akanyoosha ile mikono iliyofungwa vitambaa anataka kubebwa. Nikambeba. Nikalia mbele ya mawifi bila aibu yoyote, na Bibi Anastazia akaniambia sasa naweza kukaa.

Tangu wakati huo, kila mtoto mchanga niliyempima niliandika kwa wino mwekundu, rudieni akitimiza mwaka, nikamwambia mama yake kwa mdomo, nikamfanya arudie maneno yangu. Wengine wenu mliniita Bibi Rudieni. Nilisikia.

Kabwa alikuja kliniki kila mwezi. Alijifunza kutoa kidole mwenyewe, na alipenda nijitoboe mimi kwanza, halafu ananipuliza, halafu ndiyo zamu yake. Akiwa na miaka miwili malaria ilimmaliza damu, macho yakawa meupe. Nilipanga makundi ya damu harakaharaka, na damu iliyolingana na yake kwanza ilikuwa yangu. Lakini damu yenye mbegu ile haifai kumpa mtoto wa sikoseli. Nilimtafuta baba yake mdogo, nikampima, hakuwa na mbegu, akatoa yeye, na chupa ikashuka tone kwa tone nikiwa nimekaa pale, naangalia mishipa ya mkono wangu iliyojaa. Alipona safari ile. Godeliva, tukiwa tunamlinda, aliniuliza kama kondoo wale bado wanaendelea kutibiwa. Nikamwambia bado wanaendelea. Akauliza watu je. Sikusema bado. Nilimwambia kwamba hata ikija, haitakuwa ya huyu. Alinishukuru. Alisema sasa anaweza kumtazama aliye naye.

Daktari Silvesta alipata nafasi ya kwenda nchi nyingine, akaondoka na majarida yake. Jumatano nazo zikawa siku za kawaida.

Kabwa alikuwa amebakiza miezi miwili kutimiza miaka minne. Ilikuwa masika, homa ilimshika jioni, asubuhi wakampakia kwenye baiskeli, na njiani akatulia. Ezekieli hakumfikisha wodini, maana hakukuwa na sababu tena. Alikuja dirishani kwangu, pale ilipokaa hadubini, akazuia mwanga. Alisema, "Dada, Godeliva anakuita. Amesema usije kama mtu wa kutoa pole. Njoo na nguo za kulala."

Nilikwenda ofisi ya utumishi kuomba ruhusa. Afisa alikuwa mzee mmoja mkavu, mtu wa kanuni, aliyekuwa na faili langu tangu nilipohamia na kulijua kuliko nilivyolijua mimi. Alinipa fomu ya likizo ya msiba. Nikajaza jina langu, idara, jina la marehemu. Chini palikuwa na mstari unaouliza uhusiano na marehemu, na kwenye mabano wameandika wanaokubalika: mume, mke, mzazi, mtoto. Jirani hakuwemo. Rafiki hakuwemo. Nikaandika mtoto, nikamrudishia fomu nikiwa nimeangalia sakafu.

Aliisoma. Alivuta faili langu kabatini, akalifungua ukurasa wa familia, ule ambao haukuwa na kitu, akautazama, akalifunga. Akachukua muhuri, akaugonga kwenye fomu mara moja. Kisha akasimama, akavua miwani, akanipa mkono.

"Dada Mwanaidi," akasema, "pole sana kwa kufiwa na mwanao."